Waliokuja Kumlilia Fundi Ahmadi

Kabla hajaajiriwa na Jumuiya ya Historia ya Khor, Lynette Chebet hakujua kwamba kiti kitupu kinaweza kumtia mtu aibu. Kule hotelini alikokuwa mwanzo, viti vitupu vilikuwa sikukuu: sahani chache, miguu inapumzika, na keki iliyobaki mnaimaliza jikoni msimamizi akiwa kwenye simu. Kwenye Jumuiya mambo yalikuwa mengine. Kila kiti kisicho na mtu kilimkera kana kwamba kimemtukana mama yake.

Jumuiya hiyo ni ya serikali, na nyumba yake iko Al Jaddaf, Dubai, kando ya khor, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, pale penye karakana za majahazi ambazo maghorofa mapya yanazidi kuzibana. Mara moja kwa mwezi, Jumapili alasiri, iliwaalika watu wa lugha moja waje kusikia historia ya mji kwa lugha yao wenyewe, bure, na kahawa juu yake. Kazi ya Lynette ilikuwa kuwakaribisha. Wasemaji wa Kimalayalam walikuja mpaka wengine wakakaa sakafuni. Wa Kiurdu walikuja na nyanya zao kwenye viti vya magurudumu. Ilipofika zamu ya Kiswahili, wakaja watu watatu. Wa kwanza alikuwa Zedekiya, Mganda anayelinda mlango, naye alikuwa kazini. Wa pili alikuwa mama wa Kifilipino aliyekuwa anatafuta choo. Wa tatu alikuwa jamaa aliyedhani kuna usaili wa kazi, akaketi mstari wa mbele na bahasha ya vyeti mapajani, tai imemkaba shingo.

Na mbele ya hao watatu alikuwa ameketi Fundi Ahmadi na nyundo yake.

Fundi Ahmadi ni Mzanzibari wa Mkunazini aliyeletwa Dubai na mjomba wake angali mtoto, akaingizwa karakana kabla hajaota ndevu, asitoke mpaka ndevu zimekuwa nyeupe. Kazi yake ilikuwa kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya ubao na ubao kwa nyuzi za pamba zilizolowa mafuta ya papa, ukizishindilia kwa patasi na nyundo ya mti mpaka maji yakate tamaa. Mafundi walijipanga ubavuni mwa chombo, Waswahili na Wabaluchi, Wahindi na Waarabu, wakagonga kwa pamoja, maana pigo likichelewa pamba hukaa vibaya na chombo huvuja. Kilichowaweka pamoja ni wimbo. Mmoja aliita, wengine wakaitikia, na nyundo zote zikashuka kwenye kuitikia. Maneno yake yalikuwa ya Kiswahili, na hata Mbaluchi asiyejua Kiswahili cha kuombea maji ya kunywa aliitikia bila kukosea.

Wenzake wote walikuwa wametawanyika, wengine makwao, wengine makaburini. Aliyebaki akiujua wimbo huo mwanzo hadi mwisho ni yeye, na Jumuiya ilitaka kuurekodi ukiwa mzima, na mwitaji na waitikiaji, ili watu wausikie ulivyokuwa. Siku ile Fundi aliwatazama wale watu watatu, akakunja nyundo yake ndani ya kitambaa.

"Mwanangu," alimwambia Lynette, "wimbo huu una anayeita na wanaoitika. Anayeita ndo miye. Wanaoitika wako wapi? Huyu anayengoja kazi?"

Yule jamaa wa tai akainua kichwa kwa matumaini. Fundi akaondoka zake.

Lynette angeweza kuliacha hapo. Mshahara wake haukutegemea wimbo wa kalafati. Lakini siku yake ya mapumziko alinunua halua akaenda kumwomba radhi mzee huyo nyumbani kwa binti yake, na alipofika mlangoni akamsikia kibarazani akiimba peke yake kwa sauti ya chini. Aliita, akanyamaza kidogo, akaita tena, akanyamaza. Mahali pote pa kuitikia alipaacha wazi, akasubiri kwa adabu, kisha akaendelea. Lynette alisimama na halua mkononi, akajua kwamba hataondoka pale bila kuahidi jambo.

"Mara moja tu," Fundi alimwambia alipokwisha kubembelezwa. "Nikikuta viti, nageuka, wala usinifuate tena na halua yako."

Halua yenyewe alikuwa amekwisha kuila nusu.

Madam Hind, mkurugenzi wa Jumuiya, alikuwa mtu wa haki, ila hakuwa na muda wa kubembelezana. Naye alisema alasiri moja tu. Ukumbi ukiwa mtupu tena, khalas, imekwisha, nafasi ya Kiswahili wapewe wengine. Basi Lynette akawa amebanwa huku na huku, na watu wa kumjazia ukumbi hakuwa nao.

Tangazo alilitengeneza Faris, kijana wa hapo Jumuiya mwenye mkono mzuri wa kuchora, ambaye hakujua neno la Kiswahili wala hakuwahi kukaa na Wakenya hata kwa bahati mbaya. Alichukua picha ya Fundi Ahmadi ya rangi nyeusi na nyeupe, ile ambayo anatazama mbali. Akaizungushia maua meupe kwa sababu yalipendeza. Juu akaweka jina kamili la mzee kwa herufi za dhahabu, chini siku, saa na mahali, na chini kabisa, kwa herufi ndogo ndogo, maelezo ya Jumuiya, historia na kahawa. Lilipofika kwenye simu ya Lynette alikuwa anawahudumia watoto wa shule waliomwaga sharubati juu ya zulia. Akalitupia jicho, akaona uzuri wake tu, akalituma kwenye kundi la WhatsApp la Wakenya na Waganda wa Discovery Gardens, mtaa anaoishi. Akaongeza maneno yake kutoka moyoni: "Jamani, huyu ni mzee wangu. Nawaomba mje. Msiniache peke yangu."

Kisha akarudi kwenye zulia. Kundi lenyewe alikuwa amelizima sauti zamani, maana kutwa lilikuwa linauza vitanda vya kupanga, viatu na chapati.

Msomaji aliyewahi kukaa ugenini na Wakenya ameshaanza kucheka, na ana haki. Kwa asiyejua, nitaeleza. Picha ya mzee yenye maua meupe pembeni, jina kamili, siku, saa na mahali, ina maana moja tu katika makundi yale, na herufi ndogo hazisomwi na mtu. Kidole chenyewe kinaandika "poleni sana" kabla macho hayajafika chini. Na ukiandika "msiniache peke yangu" chini ya picha kama hiyo, umemaliza kazi. Wangari, mama wa saluni ambaye ndiye anayeendesha mambo ya kundi, alitoa amri ile ile ya siku zote: hapa nchini hatuchangishani pesa, sheria hairuhusu, kwa hiyo kila mtu alete chakula na alete mwili wake.

Jumamosi Lynette alikutana na Stephen kwenye lifti ya jengo lao. Stephen alikuwa mlinzi wa benki na kiongozi wa kwaya, mtu mrefu mwenye sauti nene, ambaye hakuna harusi wala msiba wa Discovery Gardens uliopita bila yeye kushika kipaza sauti.

"Lynette, tumeiona ile picha," alisema kwa upole. "Tuko na wewe."

"Kweli? Mtakuja?"

"Tutajaa."

Lynette alipiga kofi, akamkumbatia, akatoka kwenye lifti karibu anacheza. Stephen alibaki akimtazama, akajisemea moyoni kwamba kila mtu huomboleza kivyake.

Jumapili ikafika. Lynette alipanga viti, akavipanga upya, akapanguza kabati la vioo lenye nyundo na patasi za zamani. Uani, nyuma ya ukumbi, palisimamishwa ubavu wa jahazi la kweli, mbao zake zimeachana kwa ukavu, na Fundi Ahmadi alikuwa ameandaa pamba yake na patasi. Ilipokaribia saa kumi, mzee alienda msikiti wa jirani kuswali alasiri. Madam Hind alikuwa kando ya mlango, mikono imekunjwa kifuani, anaviangalia viti.

Redio ya Lynette ikakoroma. Alikuwa Zedekiya kutoka getini, ambaye kila mwanamke kwake ni nyabo, yaani bibie.

"Nyabo, watu wamekuja."

"Wangapi?"

"Wengi sana. Wametoka stesheni kwa miguu, mstari haujaisha. Nyabo, lakini mbona wanalia?"

Lynette alikimbilia getini. Walikuwa wanakuja kwenye lile joto, wanawake wamevaa magauni meusi na vitambaa kichwani, wanaume wamevaa mashati meupe ya kazini na suruali nyeusi za kazini, maana ndizo walizokuwa nazo. Walibeba chupa za chai, sufuria zilizofungwa kwa leso, mabakuli ya mandazi, na kwaya nzima ilikuwa na maua ya plastiki. Mbele kabisa Stephen alikuwa ameshika picha ya Fundi Ahmadi ndani ya fremu, imefungwa utepe mweusi. Kabla Lynette hajafungua mdomo, Wangari alimvuta kifuani.

"Pole mamaa. Pole sana. Jikaze."

"Wangari, subiri kwanza. Hajakufa!"

"Hata mimi wakati wa babangu nilisema hivyo hivyo. Lia tu, usiogope watu."

"Nakwambia yuko mzima! Ameenda msikitini!"

"Ndio mama, ameenda. Ameenda pahali pazuri." Wangari akageuka nyuma. "Mnisaidie hapa, anaanza kuchanganyikiwa!"

Akapewa maji. Akapepewa na kipande cha katoni. Kila alivyozidi kukana ndivyo walivyozidi kumhurumia, na huku anashikwa kwapani na wanawake wawili wenye nguvu, aliingizwa ukumbini kwake mwenyewe na kukalishwa mstari wa mbele, mahali pa wafiwa. Watu walimiminika wakajaza viti vyote, wakajaza kuta, wengine wakakaa sakafuni, na harufu ya mandazi ikatawala ukumbi wa Jumuiya ambamo hata tofi hairuhusiwi.

Madam Hind alifika akiwa na uso wa furaha ambao Lynette hakuwahi kuuona. "Mashallah, Lynette! Wote hawa? Na wamekuja na kwaya!"

"Madam," Lynette alimwambia kwa Kiingereza, "wanafikiri mzee amefariki. Wamekuja kumzika."

Madam Hind alimtazama, akaitazama ile picha yenye utepe iliyokuwa imeshawekwa kwenye kiti cha msimuliaji na kuzungushiwa maua ya plastiki. Akaziba mdomo kwa shela yake na mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. Kwa upande wa huyo hapakuwa na taabu. Taabu ilikuwa kwa yule anayetoka msikitini. Lynette alimjua: mzee mwenye kiburi chake, aliyekwisha kudharauliwa mara moja na viti vitupu. Leo akikuta viti vimejaa watu waliokuja kumwombea apumzike kwa amani, atageuka hapo hapo, na wimbo utaishia kibarazani kwa binti yake, unaitwa na hauitikiwi. Lynette aliogopa kweli kweli. Aliinuka ili amwahi mlangoni, Wangari akamrudisha kitini, na kwaya ikaanza.

Na wale watu wanajua kuimba, jamani. Sauti nene za walinzi zilitandikwa chini, za kina mama zikapanda juu yake, na hata madirisha yalisikia. Katikati ya ubeti wa pili mlango wa uani ukafunguka, na Fundi Ahmadi akaingia, kanzu nyeupe, kofia ya kazi ya mkono, kifua mbele. Alivitafuta viti kwa macho, akaona havionekani kwa watu, na uso wake ukachanua. Akatembea taratibu kati ya watu akiwapungia mkono kama bwana harusi.

"Huyo ni nduguye," mtu alinong'ona. "Wamefanana, maskini."

Fundi akafika mbele. Akaiona picha yake. Akaona utepe, akaona maua, akageuka akawatazama wale kina mama waliovaa nyeusi tupu. Kwaya ikafifia sauti moja moja, ya mwisho ikiwa ya Stephen ambaye alikuwa amefumba macho.

"Nani kafa?" Fundi akauliza.

Mama mmoja wa nyuma, aliyekuwa amekumbatia bakuli la mandazi, akasema kwa sauti ndogo: "Wewe."

Kisha akapiga yowe, bakuli likaanguka, na mandazi yakatawanyika ukumbi mzima. Watu walisimama, wengine walirudi nyuma, wengine walicheka kwa woga, na Wangari alimkodolea macho Lynette kana kwamba ndiye aliyemfufua.

Lynette alijinasua, akaenda akasimama mbele ya mzee. "Mzee wangu, mimi ndiye nimekosea. Niliwatumia picha yako, haina hata neno kubwa la kusema ni sherehe. Wakadhani ni msiba. Hawakuwa na nia mbaya. Nilikuahidi watu, na... hawa ndio watu."

Fundi alikuwa ameshika nyundo yake kwa mikono miwili. Aliwatazama watu mstari kwa mstari, mpaka wale wa ukutani.

"Wananijua hawa?" akauliza hatimaye.

"Hawakujui."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mzee."

Stephen akapiga hatua mbele, kofia yake mkononi. "Mzee, tunaomba msamaha. Lakini sisi huku ndio tumezoea. Mtu akifia mbali na kwao hatuulizi alikuwa nani. Tunakuja tu. Sababu kesho ni mimi, na mimi pia sina mtu huku."

Fundi Ahmadi alimtazama kijana huyo kutoka juu hadi chini. Midomo yake ilichezacheza. "Mjomba wangu," akasema, "aliyenileta hapa, siku ya kumzika tulikuwa watu wasiofika vidole vya mkono mmoja. Jeneza tulilipokezana wenyewe kwa wenyewe, huku tunahema. Nyie mmeacha siku yenu ya kulala, mmekuja kwa miguu juani, kwa mtu msiyemjua hata sura?"

"Ndio, mzee."

"Na huo wimbo, mmeshaumaliza?"

Stephen akababaika. "Hapana. Zilikuwa zimebaki beti mbili."

"Basi umalizeni." Akaiondoa picha yake kitini, akampa Lynette aishike, akakaa yeye. "Mtu hapati bahati hii mara mbili. Na wewe wa pembeni, sauti yako imelegea. Ndo unavyoniaga hivyo?"

Kicheko kilichopasuka hapo kilifika getini, Zedekiya akaacha lindo kuja kuchungulia. Kwaya ilijaribu kumaliza beti mbili zile na haikuweza, kila wakifika mahali pa majonzi wanamwona marehemu mbele yao anapiga mguu chini. Walipochoka kucheka, Fundi akamgeukia Stephen.

"Haya, sifa zangu. Najua umeziandaa. Wewe una sura ya watu wanaosema misibani."

"Mzee, siwezi. Ni aibu."

"Sema! Yalla!"

Stephen akajikohoza. Kwa kuwa alikuwa hamjui marehemu, alikuwa ameandaa zile sifa zinazomfaa kila mtu. "Mzee Ahmadi alikuwa mcheshi na mpenda watu..."

"Uongo. Karakana nzima walikuwa wananikimbia. Endelea."

"Alizaliwa zamani..."

"Mwaka wenyewe sikuuona vizuri, hilo nakusamehe. Nimezaliwa Mkunazini, nikaletwa hapa na chombo, njia nzima natapika. Nilipofika nikaulizia mji uko wapi, mjomba akanionyesha mchanga. Endelea."

"Alikuwa mchapakazi, akapanda cheo..."

"Cheo gani? Nilianza kuchemsha mafuta ya papa. Miaka miwili hakuna aliyekubali kukaa nami meza moja kwa harufu. Mbaluchi mmoja tu, Dad Karim, alikuwa hana pua, nikala naye." Watu wakaangua kicheko, naye akaendelea bila kungojea kuambiwa. Aliwaeleza karakana ilikoanzia na ilikoishia, mahali pa majengo yale yanayoonekana dirishani palipokuwa na vyombo vimelala kwa ubavu, mwenye chombo aliyekuwa anakaa mbali na kahawa yake akisikiliza nyundo, akijua kwa sikio tu nani anazembea. Aliwaeleza siku ya kushusha chombo majini, wanawake wakileta wali, watu wa mataifa yote wakivuta kamba moja wakitukanana kwa lugha sita.

"Hapo ilipo benki yenye vioo vya buluu?" Stephen aliuliza. "Mimi ndiye nalinda hapo."

"Hapo hapo ndipo nilipojikata kidole hiki," Fundi akasema, akakiinua. "Ukipita kesho nisalimie."

"Aliacha mjane na watoto..." Stephen aliendelea, sasa ameshanogewa.

"Sikumwacha. Yeye kaniacha, Mungu amrehemu, na mpaka leo sijamsamehe." Alisema kwa mzaha, lakini watu hawakucheka. Kina mama walisema pole, na safari hii ilikuwa inamfikia mwenyewe.

Lynette alikuwa amechuchumaa kando ya Madam Hind, anamtafsiria huku anafuta machozi, asijue ni ya kucheka au ya nini. Rekoda ya Jumuiya ilikuwa inawaka taa nyekundu tangu kwaya ilipoanza. Faris hakuambiwa na mtu, aliiwasha kwa sababu ilipendeza.

Kisha Fundi akainuka. "Sasa twendeni nje. Nilikuja kuita."

Walitoka wote uani, Faris na rekoda nyuma yao, wakauzunguka ule ubavu wa jahazi. Nyundo ya Fundi ilikuwa moja. Madam Hind alitazama watu, akatazama kabati la vioo ndani ya ukumbi, lile ambalo Zedekiya alilipwa kulizuia lisiguswe, akatoa ufunguo mwenyewe na kulifungua. Nyundo na patasi za watu waliokwisha kufa zikatoka moja moja, zikaenda mikononi mwa walinzi, wafagizi, mayaya na wapishi. Zilipokwisha, wengine walichukua miiko ya kupakulia. Fundi aliwapanga mstari kwenye ubavu, akawaonyesha namna ya kushika patasi, akamkemea Wangari aliyeshika kama anachana nywele. Akawafundisha kuitikia. Halafu akavuta pumzi.

"Hodi, hodi, maji yabisha!"

"Yaambie hatumo!" wakaitikia, na nyundo zikashuka, lakini kila moja kwa wakati wake, ikawa fujo tupu.

"Hapo chombo kimeshazama," Fundi akasema. "Tena."

Mara ya pili walikosea kidogo. Mara ya tatu Stephen alipiga mguu chini kuwashikia mpigo, kwaya ikashika, na pigo likaanguka moja, zito, ubavu mzima ukatikisika na vumbi la mbao likadondoka.

"Hodi, hodi, maji yabisha!"

"Yaambie hatumo!"

"Yataka kulala ndani!"

"Kitanda hakuna!"

Watu wa Discovery Gardens, wanaolala vitanda vya kupokezana, walilipenda jibu hilo kuliko yote, wakalipiga kwa nguvu ambazo karakana yenyewe pengine haikuwahi kuzisikia. Sauti zilijipanga juu na chini bila kufundishwa. Watu waliokuwa wanapita barabarani walisimama, madereva wakashusha vioo. Fundi aliita ubeti baada ya ubeti, jasho linamtiririka, na kila alipoita alijibiwa.

Kwenye ubeti wa mwisho, unaorudia maneno ya ule wa kwanza, alifungua mdomo na sauti haikutoka. Alijaribu tena, akainua mkono mmoja kuomba wamsubiri. Machozi yalikuwa yanashuka kwenye ndevu na hakuyaficha. Lynette alitaka kumkimbilia, ila Wangari alikuwa ameshainua nyundo yake.

"Hodi, hodi, maji yabisha!" Wangari akaita, kwa sauti kali ya saluni, na maneno yote sawasawa.

Fundi Ahmadi aligeuka. Akamtazama yule mama kutoka Nyeri, bara mbali na bahari, anayeita wimbo wa karakana kana kwamba amezaliwa nao. Kisha akaenda mwisho wa mstari, nafasi anayosimamishwa mwanafunzi, akainua nyundo yake sambamba na zao, akaitikia pamoja na wengine.

"Yaambie hatumo!"